Saa Sitini kwa Elfu Thelathini

Juma lililopita, nilipokuwa nikifunga daftari la ubatizo, alinijia ofisini kijana mmoja wa hapa Jipe. Mjomba wake wa Dar es Salaam amemletea mashine ya PlayStation, ile ya kuchezea gemu kwenye televisheni. Naye amefyatua matofali likizo nzima, akapata shilingi elfu thelathini za kununulia mchezo mmoja.

"Shikamoo, Karani," akasema.

"Marahaba, mdogo wangu."

"Huko Same kuna diski mbili, bei ni moja. Nimesoma katika simu kwamba mmoja humalizika kwa saa kumi, na mwingine kwa saa sitini. Nimepiga hesabu: ule wa kwanza ni shilingi elfu tatu kwa saa, wa pili ni mia tano tu. Si heri nichukue ule mrefu?"

Nikamwambia, "Hesabu yako ni sahihi, ila haijakwisha."

Wazo lake si la kijinga. Mtu mwenye fedha chache hana budi kuuliza kitu kitadumu muda gani. Tukinunua jembe, kanga au sufuria, twauliza hivyo hivyo. Lakini kudumu ni jambo moja, na kurefushwa ni jambo jingine.

Tazameni ziwa letu. Magugu yamelisonga, hata mvuvi huweza kusukuma mtumbwi muda mrefu kabla ya kufika penye maji ya wazi. Je, mnunuzi humwongezea bei kwa sababu alikawia? La! Hutazama samaki. Michezo mingi mirefu nayo ina magugu yake: kupita njia ile ile, kupigana na maadui wale wale, mradi saa ziongezeke. Na saa hizo sitini hazitoki kwa muuzaji. Zatoka kwako wewe mchezaji, katika masomo yako na usingizi wako, na umeme wa mama juu yake.

Sasa tazameni bao: mashimo 32, kete 64, na mchezo mmoja huweza kwisha upesi. Hata hivyo ubao mmoja hurithiwa na mjukuu, wala hakuna asemaye ameumaliza. Kadhalika mchezo uitwao Tetris, aliobuni Alexey Pajitnov huko Moscow katika miaka ya 1980. Vipande vyaanguka, wewe wavipanga, na baada ya dakika chache huenda umeshindwa. Lakini wachezwa hata leo, kwa kuwa kila mara mtu hufikiri upya.

Sisemi kwamba kila mchezo mrefu ni mbaya. Iko hadithi ndefu ambayo msikilizaji haichoki. Basi, kabla ya kutoa fedha yafaa kujiuliza maswali matatu. Katika saa hizo zote, ngapi ni za furaha ya kweli? Nikiumaliza, nitapenda kuurudia? Na je, mwenzangu aweza kucheza pamoja nami?

Kijana alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Ule mfupi huchezwa na watu wawili. Na mdogo wangu ndiye aliyenibebea maji ya matofali."

Jumamosi akaenda Same, akaununua ule mfupi.

Basi wazazi, mtoto akiwaomba fedha za mchezo, msiulize tu ni wa saa ngapi. Mwulizeni pia atacheza na nani.