Mtikini: Mboga Tunayoikanyaga



 Ukurasa wetu wa mimea mwezi huu unauzungumzia mmea mmoja ambao takriban kila familia ya hapa Durban huupita kila siku bila ya kuutazama. Upo chini ya bomba la maji, pembezoni mwa ukuta, kandoni mwa njia ya reli na penye kivuli cha miembe ya majirani. Watoto wetu huuita gugu, na baba zao huung'oa siku ya Jumapili na kuutupa. Huo ndio mtikini. Wenzetu wa pwani ya Kenya huuita futswe au fuchwe, na Wazulu huuita isihobo.

Kwanza tulimalize suala la jina. Waingereza wana desturi ya kuyaita urujuani maua mengi yasiyokuwa na nasaba na urujuani. Liko lile ua la chungu linaloitwa urujuani wa Afrika, ambalo hupambia madirisha ulimwengu mzima. Asili yake ni milima ya Usambara na jirani zake, na lilijulikana Ulaya baada ya Baron Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa ofisa wa utawala wa Kijerumani huko Tanga, kulipeleka Ujerumani mwaka 1892. Mtikini nao, katika vitabu vingi vya Kiingereza, huitwa urujuani wa Kichina. Jina hilo linapotosha, kwani mtikini huu wetu ni mzaliwa wa Afrika, na ukoo wake ni mbali na ule wa urujuani. Wataalamu huuita Asystasia gangetica. Sehemu ya pili ya jina hilo inatokana na mto Ganges wa Bara Hindi, kwa sababu Linnaeus, aliyeuandika mwaka 1756, aliujua kwa vielelezo vya Asia. Aina ya Asia ina maua makubwa zaidi, aghalabu ya rangi ya zambarau; aina ya Afrika ina maua madogo meupe, nayo huongezewa jina la micrantha, maana yake yenye maua madogo. Hivyo basi, ua moja la kwetu limetukuzwa kwa kuuzwa, na jingine limedharauliwa kwa kuwa halina bei.

UNAVYOTAMBULIKA

Shina la mtikini ni jembamba, lenye pembe nne, na hutambaa juu ya ardhi. Likipata ua wa kuegemea hupanda, lisipopata hujilaza. Majani hukaa mawili mawili yakielekeana, yana umbo la yai na ncha iliyochongoka. Maua hupangika juu ya kikonyo kirefu, yote yakielekea upande mmoja, kama watu waliopanga safu. Kila ua ni kama kengele ndogo, nyeupe, lenye urefu wa sentimita mbili hivi, na mdomo wake wa chini una madoa ya zambarau. Hayo madoa ndiyo alama ya kushika. Asiyeyaona asiharakishe kuchuma.

UNAVYOISHI NA KUENEA

Mmea huu hauchagui sana makazi. Hustawi juani na kivulini, katika mchanga wa pwani na katika udongo mzito, ukingoni mwa misitu na katika viwanja vilivyoachwa. Adui yake mkubwa ni baridi kali. Hapa pwani huishi mwaka mzima, bali huko bara, penye jalidi, hukauka. Ndiyo maana tunaukuta ukifuata joto la Bahari ya Hindi, tangu kwetu Tanga na Mombasa, kushuka Msumbiji, hadi KwaZulu-Natal. Kwa hiyo hapa Durban haukuletwa na mtu. Ni mwenyeji hapa kama ulivyo mwenyeji kule.

Njia zake za kuenea ni mbili. Ya kwanza, kila kifundo cha shina kinapogusa udongo wenye unyevu huota mizizi, na hapo shina moja huweza kuwa miche kumi. Ya pili ni ya ajabu zaidi. Mbegu zake, ambazo hazizidi nne, hukaa ndani ya ganda dogo lenye umbo la rungu. Likishakauka hupasuka ghafla kwa mlio mdogo, na kuzirusha mbegu mita kadhaa. Ukikaa karibu nao mchana wa jua kali, utausikia.

Sifa hiyo ndiyo inayoufanya uwe rafiki katika nchi moja na balaa katika nchi nyingine. Huku kwetu wadudu na wanyama waliozoeana nao huupunguza. Viwavi wa vipepeo kadhaa, akiwemo yule mwenye madoa ya buluu angavu katika mbawa za nyuma, hula majani yake. Lakini ulipopelekwa Malaysia umekuwa gugu sugu katika mashamba ya michikichi, ingawa wafugaji wa huko hunufaika nao kwa kulisha mbuzi na ng'ombe. Australia nayo imeuweka katika orodha ya magugu ya hatari, na mmea wanaoulaani zaidi ni huu wenye maua madogo meupe. Familia zinazohamia huko zisichukue mbegu wala vipande vyake katika mizigo, hata kwa ajili ya kumbukumbu.

MATUMIZI

Tumia majani machanga na ncha laini za matawi. Osha kwa maji mengi mara tatu au nne, katakata, chemsha kidogo, kisha yaunge kwa kitunguu, nyanya na tui la nazi, au karanga zilizotwangwa. Ladha yake ni ya upole, haina uchungu wa mchunga, na ndiyo sababu wapishi wengine huchanganya mboga hizo mbili ili moja iituliza nyingine. Huliwa kwa ugali, au kwa uputhu wa wenyeji wetu. Kwa nyumba ambayo fedha ya mboga huisha kabla ya mwezi kuisha, hili si jambo dogo.

Bustanini, mtikini hufunika ardhi tupu chini ya miti, mahali ambapo majani ya kawaida hukataa kuota, na nyuki huyapenda maua yake. Hapana haja ya kununua mche: kata kipande cha shina chenye vifundo viwili au vitatu, kilaze katika udongo wenye unyevu, na baada ya muda si mrefu kitashika. Ukiuona unazidi, ukate kabla maganda hayajakauka.

Watu wa nchi mbalimbali za Afrika huutumia pia kama dawa. Huko Nigeria, kwa mfano, majani yake hutumika kwa pumu. Lakini mwenye pumu asiache dawa ya hospitali kwa kuyategemea majani.

TAHADHARI

Si kila mtikini unafaa kuingia chunguni. Kando ya barabara kuu kuna moshi na vumbi la magari, na penye njia za reli aghalabu hupuliziwa dawa ya kuua magugu. Kadhalika, mafuriko ya Aprili 2022, yaliyoua watu zaidi ya 400 katika jimbo hili, yaliharibu mabomba na mitambo ya maji machafu, na uchafu mwingi ukaingia mitoni na baharini. Usichume kandoni mwa mto wala mfereji wowote ambao hujui maji yake yanatoka wapi. Kuosha huondoa vumbi. Hakuondoi sumu iliyokwisha kunywewa na jani. Ulio salama zaidi ni ule ulioupanda mwenyewe uani kwako.

La mwisho ni kuhusu elimu. Mabibi wa Kizulu huzijua mboga za mwitu kwa jumla kwa jina la imifino, na wengi wao huzichuma hadi leo. Wanayoyajua kuhusu udongo huu ni mengi kuliko yetu. Tangu machafuko ya mwaka 2008 na yale ya 2015, baadhi yetu tumezoea kupita mbele ya jirani tukiwa tumeinamisha vichwa. Sisemi kwamba jani litaponya yaliyopita. Nasema tu kwamba kumuuliza mama wa jirani, "Hili mnaliitaje?", ni swali ambalo mtu hulijibu kwa furaha, na mara nyingi hufuatiwa na mapishi.

Na watoto wetu je? Wanaozaliwa hapa wanajua majina ya mboga za dukani tu. Mtoto asiyejua jina la mmea huuita gugu, na akishauita gugu huung'oa. Basi mwezi huu, kila mzazi amshike mwanawe mkono, autafute mtikini ulio karibu na mlango, amwonyeshe madoa ya zambarau, na amtajie jina lake kwa lugha ya bibi yake. Wasomaji kutoka Lamu, Pemba, Kigoma, Bujumbura na Bukavu, tuleteeni majina mnayouita kwenu, tuyachapishe hapa yasipotee.

Toleo lijalo, inshaallah, tutauzungumzia mchunga, na namna ya kuupunguza uchungu wake bila ya kuumaliza. Wassalaam.