Daftari la kushona lipokelewe shuleni

JICHO LA MZAZI
Na Mwanahamisi Shekue

Shule zikifungwa Desemba, mabegi humwagwa sebuleni na madaftari hushika njia yake ya kila mwaka: machache huwekwa kabatini, mengi huishia kwa muuza karanga na mama wa vitumbua. Kabla hayajaondoka, yafungue. Daftari la somo lenye vipindi vichache kwa wiki halijafika hata katikati. Na Januari orodha ya mahitaji itadai mapya, kila somo na lake.

Tangu 2016 ada imefutwa katika shule za serikali hadi kidato cha nne, na 2022 nafuu hiyo ikafika kidato cha tano na cha sita. Ni jambo kubwa. Lakini daftari bado ni mzigo wa mzazi, na mwenye watoto watatu anajua Januari inavyomkamua.

Chukua daftari la kurasa 96 ambalo mtoto ameishia ukurasa wa 30. Ukichana ovyo utaharibu, maana daftari la pini ni karatasi zilizokunjwa mbilimbili: chana ya mwisho, na ya kwanza yenye notisi inang'oka. Anzia katikati. Inua pini kwa ncha ya kisu, chomoa karatasi tisa za kati, ambazo hazijaguswa na kalamu. Hizo ni kurasa 36 safi. Rudisha pini, notisi zimebaki mahali pake, na karatasi za nyuma mtoto atafanyia hesabu humo humo.

Madaftari matatu ya namna hiyo yanakupa kurasa 108. Toboa matundu matatu kwenye mkunjo kwa sindano ya gunia. Pitisha uzi tundu la kati kutokea ndani, uingize la juu, uutoe la chini, urudi ndani kwa la kati, ufunge fundo. Jalada likatwe kwenye kalenda ya ukutani ya mwaka unaokwisha.

Zilizoandikwa nazo, jamani, zisiende kwa mama wa vitumbua. Kitumbua cha moto kinachochuruzika mafuta hakifai kulala juu ya wino, hata kama sote tumekula hivyo tangu utoto.

Kushona si kazi. Kazi ipo darasani. Wapo walimu wanaolikataa daftari la kushona mbele ya darasa zima, na mtoto akishaaibishwa hivyo mara moja, halibebi tena. Namwelewa mwalimu mwenye rundo la madaftari mezani. Anataka yafanane ili asahihishe haraka. Basi adai ukubwa mmoja, mistari ya aina moja na jina la somo juu ya jalada. Hayo mzazi anayaweza. Lakini kumrudisha mtoto nyumbani kwa kuwa daftari lake halikutoka dukani ni kumwadhibu kwa kutunza mali ya wazazi wake.

Walimu wakuu wanaoandaa orodha za Januari waongeze mstari mmoja tu: daftari la kushona linapokelewa. Na kwenye kikao cha wazazi, mmoja wetu asimame aliombe hilo kwa sauti, mwalimu wa taaluma akiwepo, liandikwe kwenye muhtasari.