Pasaka Si Wakati wa Kushuka Ol Njorowa

Huku Githurai 45 mipango ya Pasaka huanza mapema. Chama chetu huchanga kila Jumapili jioni, na daftari la mchango nalishika mimi. Safari hii vijana wanataka Naivasha: tulale kwenye mahema kando ya ziwa, kukicha tukodi baiskeli tuingie mbuga ya Hell's Gate. Naiunga mkono kwa moyo wote. Watoto wetu wanakulia katikati ya magorofa yaliyobanana na honi za Thika Road. Waone twiga akipita wakiwa wamesimama kwa miguu yao. Ninachokataa ni tarehe.

Pasaka huja na masika. Siku ya Pasaka yenyewe, tarehe 21 Aprili 2019, maji yalishuka ghafla katika korongo la Ol Njorowa, ndani ya mbuga hiyo, yakawasomba watalii waliokuwa wakitembea chini. Miaka saba kabla, Aprili 2012, vijana saba wa kanisa walifia humo humo. Korongo lile lile, mwezi ule ule.

Mtu asiyelijua hudhani atatazama mawingu kisha aamue. Haiwezekani. Kuta zimekaribiana hivi kwamba kuna mahali ukinyoosha mikono unagusa pande zote mbili, na njia unayokanyaga ndiyo mkondo wenyewe wa maji. Mvua inaweza kunyesha kwenye miinuko ya mbali, nanyi chini mnapigwa na jua, mnapiga picha. Mkisikia mngurumo, pa kupandia hapapo.

Ziwani nako kuna la kuuliza. Maji ya Naivasha yamepanda sana tangu mwaka 2020, na baadhi ya wakazi wa mtaa wa Kihoto, kando ya ziwa, wamehama nyumba zao. Viboko hutoka usiku kula majani, na kiboko akikuta mtu kati yake na maji hapishi. Kwa hiyo kabla ya kuulizia bei ya hema, tuwaulize wenye kambi: kuna uzio wa umeme wa kuzuia viboko, na unawashwa saa ngapi, na maji sasa yamefika wapi?

Mimi napendekeza Agosti. Shule zimefungwa, masika yameisha. Baridi ya usiku ni kali kule, maana ziwa liko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, lakini baridi dawa yake ni blanketi. Hata Agosti, tusishuke korongoni bila kiongozi wa mbuga, na akisema leo hapashukiki, tugeuze baiskeli.

Najua watakaosema gari limeshalipiwa arubuni. Dereva ni mtu wa mtaa huu, ataongea nasi na tarehe itasogezwa. Pasaka tubebe chapati na chai twende msitu wa Karura, turudi jioni. Jumapili hii naomba tupige kura.