Somo la Sayansi Mtandaoni: Nani Anafikiri?

Mwaka 1967, katika andiko lake la Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Julius Nyerere alitaka shule imjengee kijana akili ya kudadisi na hali ya kujiamini. Leo masomo ya sayansi yanapatikana hata kwenye simu ya mkononi, na hoja ile inarudi kwa sura mpya: je, mtandao unamzoeza mwanafunzi kujitegemea, au unampa mahali papya pa kunakili majibu?

Tutazame PhET, majaribio ya sayansi ya kompyuta yanayotolewa bure na Chuo Kikuu cha Colorado, Marekani, yaliyoanzishwa mwaka 2002 na mwanafizikia Carl Wieman. Shule isiyo na maabara inaweza kumpa mwanafunzi nafasi ya kuunda saketi ya umeme kwenye kioo cha kompyuta. Akiongeza balbu ya pili kwa mfuatano, zote mbili hufifia. Akiiunganisha sambamba, mwanga wa ile ya kwanza haupungui. Hayo yangeweza kuandikwa ubaoni kwa mistari miwili, yakakaririwa. Tofauti huanza pale mwalimu anapomtaka mwanafunzi aandike kwanza anachotarajia kuona, ajaribu, kisha aeleze ni wapi alikosea na kwa nini. Asipodaiwa hivyo, atabofya tu mpaka taa iwake. Kujitegemea, basi, kunamhitaji mwalimu anayejua kuuliza na kusubiri.

Liko pia suala la haki. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika Tamko juu ya Elimu ya Kikristo la mwaka 1965, ulifundisha kwamba watu wote, wa kila hali na umri, wana haki ya kupata elimu. Haki hiyo haiwezi kutegemea kifurushi cha intaneti. Shule zilipofungwa nchini Tanzania mwezi Machi 2020 kwa sababu ya korona, asiye na simu nyumbani hakuwa na mlango wa kuingilia katika masomo hayo.

Majaribio ya PhET yanaweza kupakuliwa na kutumika bila intaneti. Parokia yenye ukumbi, umeme na kompyuta mbili tatu yaweza kuwakusanya vijana kila Jumamosi, chini ya mwalimu mmoja wa kujitolea.

Nanyi wazazi, mlio walezi wa kwanza, mtoto arudipo nyumbani msimwulize tu, “Umepata ngapi?” Mwulizeni pia, “Umejuaje?”