Buibui Mkubwa Nyumbani: Anajificha Wapi?

Mwezi huu naweka pembeni masuala ya wivu na simu zenye namba za siri. Nataka tumwongelee mpangaji ambaye halipi kodi, hachangii luku, na ukimkuta ukutani saa sita usiku unaruka kama umepigwa shoti. Ndiyo, buibui mkubwa.

Simzungumzii yule mwenye miguu kama nyuzi anayening'inia kwenye kona za dari. Namsema yule bapa, wa kahawia, miguu imetanuka kama kaa, na usoni ana mstari mweupe kama masharubu. Wataalamu wanamwita Heteropoda venatoria. Akitanua miguu anaweza kufika sentimeta 7 hadi 12, yaani anaenea kiganja chako. Ametapakaa nchi za joto duniani kote, na mara nyingi husafiri kwenye mizigo, hasa mikungu ya ndizi. Huyu hatandi utando, ni mwindaji. Mchana anajibanza, usiku anatoka kutafuta mende.

Sasa mchana yuko wapi? Twende chumba kwa chumba.

Chumbani: Nyuma ya kabati la nguo lililosukumwa hadi ukutani, kwenye mikunjo ya pazia, pembeni mwa chaga za kitanda na nyuma ya fremu za picha. Ile picha kubwa ya harusi ndiyo anaipenda hasa, maana imeinama kidogo na nyuma kuna kigiza kizuri.

Jikoni: Nyuma ya friji, chini ya sinki, kwenye gunia la mkaa. Ukileta mkungu wa ndizi kutoka Mabibo, ukung'ute nje kwanza.

Bafuni na chooni: Nyuma ya mlango na kwenye ndoo zilizopandana. Mende wa shimo la choo wakipanda juu, naye anawafuata.

Nje: Rundo la matofali, vipande vya mabati, mbao zilizobaki kwa fundi. Na hapa ndipo wengi wetu tunaoishi Bunju, Mbagala na Chamazi tunapoguswa. Tunahamia nyumba haijaisha ili tukimbie kodi. Dari bado, nyavu za madirisha bado, na kati ya ukuta na bati kuna upenyo unaopitisha hadi mkono. Kwa mwili wake bapa, hapo ni mlango mkubwa.

Kwa hiyo shosti, usimsimange dada wa kazi kwamba hafagii. Unaweza kudeki mara tatu kwa siku na buibui akawepo. Anachofuata ni mende na nyufa. Ziba upenyo, funika chakula, toa takataka kabla ya kulala, sogeza kabati sentimeta kadhaa kutoka ukutani. Mende wakipungua, yeye mwenyewe atahama.

Ukitaka kumtoa leo leo, mfunike na bakuli, pitisha kadi ngumu chini yake, kamtupe nje. Ukimbana kwa mkono anaweza kung'ata, na inauma kweli, ila si buibui wa kuua mtu. Ukimwona amebeba kitu cha mviringo tumboni kama sarafu nyeupe, huyo ni mama na hayo ni mayai, yanaweza kuzidi mia. Usimpige na kandambili hapo sebuleni. Na zile dawa za kwenye chupa za maji zisizo na lebo, tafadhali sana, usipulize chumba wanacholala watoto.

Haya, sasa tuje kwenye jambo lililonifanya niandike.

Mtaani kwetu mtu akiamka na malengelenge shingoni au ubavuni, utasikia: "Buibui amekukojolea." Basi anapakwa hiki na kile, siku zinakwenda. Wapendwa, buibui huyu tunamsingizia. Kuna watuhumiwa wawili wa kweli.

Wa kwanza ni mdudu mwembamba, mwekundu na mweusi, anayefuata taa usiku wakati wa mvua. Wengi wanamwita Nairobi Fly. Hang'ati, ila ukimponda kwenye ngozi anatoa sumu inayounguza. Mpeperushe, kisha nawa kwa sabuni.

Wa pili ni mkanda wa jeshi, na huyu hana mzaha. Ni virusi vya tetekuwanga uliyougua zamani, vimelala kwenye neva, vinaamka kinga ya mwili ikishuka. Unaanza kusikia maumivu ya kuchoma, kisha malengelenge yanajipanga upande mmoja tu wa mwili. Dawa zake hufanya kazi vizuri zaidi zikianza ndani ya saa 72. Ukimsubiri buibui asiyehusika, saa hizo zinapita. Ukitokea karibu na jicho unaweza kuharibu uwezo wa kuona.

Daktari anaweza kukushauri pia upime VVU, hasa kama umri wako bado mdogo. Najua hapo ndipo wengi tunapokimbilia kwa buibui, kwa sababu buibui hamuulizi mtu maswali kuhusu ndoa yake. Lakini mkanda wa jeshi huwapata pia wasio na VVU: wazee, wenye kisukari, hata mtu aliyechoka tu. Kwa hiyo kaka, mkeo akiamka na malengelenge, usianze kununa wala kupekua mkoba. Mshike mkono mwende hospitali pamoja. Na dada, kwake pia iwe hivyo hivyo.

Kabla sijafunga, wenye kelele za soksi chafu nawapa hii. Kuna buibui mdogo mrukaji kandokando ya Ziwa Victoria, Kenya na Uganda, anayependa kuwinda mbu walioshiba damu. Mwaka 2011 watafiti walitangaza kwamba anavutwa na harufu ya soksi zilizovaliwa. Lakini yule wa ukutani kwetu si huyo, kwa hiyo mume wangu, soksi ni kwenye tenga la nguo chafu.

Tukutane mwezi ujao. Leo ukipata nafasi, chungulia nyuma ya picha ya harusi.