Mtindi si dawa ya pua mpaka tuupime

Yuko mwalimu mmoja wa shule ya msingi huko Machame ambaye hufundisha leso ikiwa mkononi. Kila masika yanapokwisha, nyasi zikachanua na vumbi likaanza kupanda barabarani, humshika chafya mfululizo. Pua huziba, macho humwasha, na usiku hapati usingizi. Kwa miaka mitatu amemeza antibiotiki alizouziwa dukani bila cheti cha daktari, akiambiwa kuwa ana mafua sugu. Safari hii amerudi kutoka mjini na kopo la vidonge vya vijidudu hai kutoka ng'ambo. Kopo hilo limekula sehemu isiyo ndogo ya mshahara wake, na muuzaji amemhakikishia kwamba likiisha, na maradhi yatakuwa yamekwisha.

Hatuna budi kusema wazi kwamba mwalimu huyu ameonewa mara mbili.

Kwanza, maradhi yake si mafua ya kuambukizwa. Ni mafua ya mzio. Chavua ya nyasi, utitiri wa kwenye magodoro na manyoya ya wanyama ni vitu visivyo na madhara kwa watu wengi, lakini mwili wa mtu mwenye mzio huvipokea kama adui na kuanzisha vita puani. Antibiotiki haina kazi katika vita hivyo. Inachofanya ni kuua vijidudu vyema vilivyomo tumboni, na kuvizoeza vile vibaya kuishinda dawa siku itakapohitajika kweli. Katika uchunguzi uliochapishwa mwaka 2018, watu waliojifanya wagonjwa walizungukia maduka ya dawa ya Moshi, na mengi yaliwauzia antibiotiki bila cheti. Kwa hiyo kisa cha mwalimu wetu si cha peke yake.

Pili ni hilo kopo. Muuzaji hakubuni kila kitu. Ni kweli kwamba vijidudu vya tumboni vina sehemu katika kuufundisha mwili kutofautisha adui na asiye adui. Katika jaribio moja lililofanyika Florida, Marekani, na kuchapishwa mwaka 2017, watu 173 wenye mzio wa msimu waligawanywa makundi mawili. Wengine walipewa mchanganyiko wa vijidudu vya aina tatu kwa wiki 8, wengine vidonge vitupu. Waliopewa vijidudu walieleza kuwa wamepata nafuu zaidi katika maisha yao ya kila siku, ingawa vipimo vya damu havikuyatofautisha makundi hayo. Majaribio mengine, yenye vijidudu vya aina nyingine, hayakuonyesha faida. Aina moja haiwezi kuitolea ushahidi nyingine. Tena vijidudu hai hufa kwa joto. Kopo lililokaa miezi kwenye rafu ya duka lenye paa la bati huenda limebaki na mizoga.

Hapo ndipo baadhi yetu hurukia upande wa pili na kusema: basi turudi kwenye kibuyu cha bibi. Hoja hii inavutia, hasa Machame. Ng'ombe wa Mchagga hulishwa zizini kando ya nyumba, na maziwa tangu zamani yamekuwa mali ya mama. Nronga wako akina mama waliounda ushirika wao wa maziwa tangu miaka ya 1980. Isitoshe, utafiti uliofanywa Austria, Ujerumani na Uswisi na kuchapishwa mwaka 2001 ulionyesha kuwa watoto waliokulia karibu na mazizi na kunywa maziwa ya shambani tangu mwaka wao wa kwanza hawakupata sana mafua ya mzio wala pumu.

Lakini kuona maziwa ya kwetu ni ushamba mpaka yarudi ndani ya kopo la kigeni ni kasumba. Na kudhani kila cha mababu ni dawa ni kasumba pia. Maziwa mabichi huleta bruselosi, homa inayomlaza mtu miezi. Maziwa yachemshwe kwanza, yapoe, ndipo yatiwe kimea cha kugandishia. Mtindi wa namna hiyo ni chakula bora kwa mtoto na kwa mwalimu wake. Kuuita dawa ya pua ni kusema tusichokijua.

Tunaweza kukijua. Mwaka 2004 akina mama wa Mwanza, wakishirikiana na chuo kikuu kimoja cha Kanada, walianza kutengeneza mtindi wenye kijidudu kilichochaguliwa maabara. Lengo lao lilikuwa lishe na afya, hasa ya watu wanaoishi na virusi vya UKIMWI, wala halikuhusu mzio. Lakini walithibitisha kuwa kazi hii haihitaji kiwanda cha Ulaya. Kilimanjaro ina ng'ombe, ina ushirika, na ina hospitali ya rufaa ya KCMC iliyofunguliwa mwaka 1971. Kinachozuia wataalamu wa KCMC na akina mama wa Nronga kukaa meza moja, wakaupima mtindi huo kwa msimu mzima wa chavua, ni nini?

Wakati tukingoja jibu, vyombo vinavyohusika viwabane wanaouza makopo kwa ahadi za kuponya. Naye mwalimu wetu aende hospitali. Dawa ya kupuliza puani na vidonge vya kutuliza mzio vipo, na faida yake imepimwa kwa miaka mingi. Akisikia kifua kikikoroma au pumzi ikibana, asingoje msimu upite: mafua ya mzio na pumu hufuatana, na pumu huua.