Ukuta wa mninga: piga hesabu kabla ya kupaka rangi

Mwenye nyumba ya kupangisha pale Igogo, ambaye sebule yake imepigwa mbao nyeusi ukutani, husikia neno moja kila anapokuja mpangaji mpya: chumba kina giza. Jibu la haraka ni ndoo ya rangi nyeupe. Maoni ya safu hii ni kwamba uamuzi huo ni wa mtaji kabla ya kuwa wa urembo, na wengi huufanya bila kujua wanamiliki nini.

Swali la kwanza ni aina ya mbao. Reli kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, na Tabora ni nchi ya miombo, ambako mninga huota. Hivyo si ajabu nyumba ya zamani mjini hapa kuwa na mninga, mahali ambapo mjenzi wa leo angeweka paini ya Sao Hill au plaiwudi. Mwambie seremala abandue ubao mmoja wa pembeni. Plaiwudi itaonyesha matabaka, na paini itakuwa nyepesi na nyeupe ndani. Mninga una moyo wa kahawia yenye wekundu.

Ikiwa ni paini au plaiwudi, paka rangi bila kusita. Ikiwa ni mninga au mkongo, chukua kalamu. Ukuta wa meta 5 kwa meta 2.4 ni meta za mraba 12. Mbao zikiwa za unene wa inchi moja, hapo pana meta za ujazo 0.3 hivi, sawa na mbao 16 za moja kwa nane zenye urefu wa futi 12. Ulizia bei ya mbao hizo kwa wauzaji watatu, kisha linganisha na thamani unayoipa ukuta wako leo.

Mali hiyo haiongezeki upesi. Mninga huchukua miongo kadhaa kufikia unene wa kupasuliwa. Serikali ilipiga marufuku kusafirisha magogo nje mwaka 2004. Novemba 2022, mkutano wa CITES uliofanyika Panama uliweka jamii za mninga na mkongo za Afrika katika orodha ya miti ambayo biashara yake ya kimataifa inahitaji vibali. Hatua hizo hazipangi bei ya Mwanza, lakini zinaonyesha kuwa miti hii imeanza kuadimika.

Ubao uliopakwa rangi ya mafuta haupotei, ila mnunuzi atakata gharama ya kuuranda, na randa hula unene. Tena, mbao nyekundu huweza kutoa rangi yake na kutia madoa kwenye rangi nyeupe ya maji, hivyo bila praima nzuri fundi ataitwa mara ya pili.

Watakaopinga watasema mninga haulipi kodi ya pango, na chumba kikikaa wazi miezi mitatu hasara ni ya mwenye nyumba. Hoja hiyo ni ya kweli. Lakini mara nyingi giza halitoki kwenye mti. Linatoka kwenye vanishi kuukuu iliyoiva na kushika moshi. Piga msasa eneo la shubiri moja, pahali pasipoonekana, upake vanishi mpya isiyo na rangi. Kisha paka dari na kuta nyingine nyeupe. Kwa wengi hilo litatosha kumridhisha mpangaji. Ukuta una rangi ya zamani? Usiupige msasa mkavu watoto wakiwa ndani, kwani rangi nyingi za zamani zilitiwa madini ya risasi.

Ushauri wetu: paini ipakwe, mninga usafishwe. Chumba kikibaki giza hata baada ya hapo, bandua mbao uziuze, lakini pitia kwanza ofisi ya TFS kuuliza kibali cha kuzisafirisha. Rangi nyeupe juu ya mninga iwe njia ya mwisho.